Jirani Katika Mji wa Kupita: Amani, Ushahidi na Uchaguzi wa Rais Jijini Nairobi

Miongoni mwa maswali ya maadili yanayowakabili Wakenya kila baada ya miaka mitano, lipo moja linaloulizwa kwa nadra ingawa humgusa mkaazi wa Nairobi kila asubuhi anapofungua mlango wake: mtu anadaiwa nini na jirani ambaye hatamchagua mgombea yuleyule, ambaye lugha yake ya mama ni nyingine, na ambaye, kama yeye mwenyewe, anauhesabu mji huu kuwa mahali pa kutafutia riziki tu wala si kwao? Swali hili ni la kifalsafa kwa sababu linahusu asili ya wajibu, yaani kama wajibu hutokana na undugu wa damu, au na makubaliano, au na hali tu ya watu kuishi wakitenganishwa na ukuta mmoja. Nalo ni la kidini kwa sababu katika msimu wa uchaguzi wa rais makanisa na misikiti ya jiji hujaa maombi ya amani, na mwenye kuomba hana budi kujua anachokiomba. Makala haya yanashikilia kwamba amani ambayo wakaazi wa mji mkuu wanadaiana ina sehemu mbili zisizotengana, yaani kumlinda jirani na kumwambia kweli, na kwamba sehemu hii ya pili, ambayo hutimizwa kwanza kabisa katika chumba cha kuhesabia kura, ndiyo iliyosahauliwa na wahubiri wa amani.

Uchaguzi wa rais una sura yake ya pekee unapotazamwa kutoka mji mkuu. Katika sehemu nyingi za mashambani jamii moja huishi pamoja na aghalabu huelekea upande mmoja, kwa hivyo mpinzani huwa mtu wa mbali anayesikika redioni. Nairobi ni kinyume cha hayo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 4,397,073 wenye asili ya kila pembe ya nchi, na wengi wao hukaa katika nyumba za kupanga ambamo mpinzani ni yule anayechota maji kwenye mfereji uleule. Isitoshe, vyombo vyote vinavyoshindaniwa au vinavyoamua ushindani viko humohumo: Ikulu, Bunge, Mahakama ya Juu, na Bomas of Kenya, ule ukumbi wa ngoma na utamaduni ambao katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022 uligeuzwa kuwa kituo cha kitaifa cha kujumlishia kura.

Hali hii hudhihirika zaidi katika ploti, jina ambalo Wanairobi hulitumia kwa jengo au ua wa vyumba vya kupangisha vinavyotazamana, kila kimoja kikikaliwa na familia, huku choo, bafu na mfereji vikiwa vya wote. Katika miezi ya kawaida ploti ya Huruma au ya Kawangware huwa na utaratibu wa kusaidiana usioandikwa popote: anayetoka alfajiri humwachia jirani ufunguo, mtoto aliyerudi shuleni mapema hulishwa penye chungu kilichotangulia kuiva, na mwenye duka hukopesha unga hadi mshahara uingie. Msimu wa kura unapoanza utaratibu huo hupungua kidogo kidogo kwa ishara ambazo wenyeji wanazijua. Mazungumzo ya koridoni huhamia lugha za mama, sauti hushushwa mtu fulani anapopita, mwenye duka huacha kukopesha kwa kuwa hajui nani atakuwapo mwezi ujao, na katika wiki ya mwisho watu hununua unga, gesi na mafuta ya taa ya kutosha siku nyingi, huku wafanyabiashara wa katikati ya jiji wakipigilia mabati mbele ya vioo vya maduka yao. Hakuna aliyemtendea mwenzake ubaya wowote, na hata hivyo kila mmoja amekwisha kumfikiria mwenzake kuwa huenda akautenda.

Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza aliyechapisha kitabu chake Leviathan mwaka 1651 baada ya nchi yake kupita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alieleza kwamba vita si mapigano peke yake. Ni muda wote ambao nia ya kupigana inajulikana na hakuna hakikisho la kinyume chake, kama vile hali mbaya ya hewa isivyopimwa kwa manyunyu mawili matatu ila kwa mwelekeo wa anga kwa siku nyingi. Kwa kipimo hicho, Nairobi huingia vitani kila uchaguzi, hata ule unaokwisha bila ya mtu kuumia. Hobbes aliona kwamba dawa ni mamlaka moja yenye nguvu ya kumtia hofu kila raia, lakini dawa hiyo haiufai mji huu, kwa kuwa mamlaka yenyewe ndiyo yanayogombewa, na katika wiki zilezile ambazo mkaazi anamhitaji msuluhishi kuliko wakati mwingine wowote, msuluhishi naye huonekana kuwa na mgombea wake.

Ishara iliyo wazi kuliko zote ni safari. Siku chache kabla ya kura, kituo cha mabasi cha Machakos hujaa familia zinazorudi ushago, kama mashambani kunavyoitwa jijini, na nauli hupanda kama wakati wa Krismasi. Wapo wanaorudi kwa kuwa walijiandikisha huko, jambo ambalo sheria inaliruhusu, lakini wapo pia wanaowapeleka wake na watoto tu, kisha wakarudi wenyewe kulinda vyombo. Wahubiri na wanasiasa huwalaumu watu hawa kwa kukosa imani na nchi yao. Lawama hiyo si ya haki, kwa sababu safari hizo zina historia ndefu kuliko uchaguzi wowote.

Nairobi ilianza mwaka 1899 ikiwa kambi ya wajenzi wa reli, na utawala wa Waingereza ulipohamishia makao yake huko kutoka Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20, Mwafrika alihesabiwa kuwa kibarua wa muda ambaye kwao hasa ni katika hifadhi ya kabila lake. Ili aonekane jijini mwanamume alilazimika kubeba kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi kilichotiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwezi wa Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji, yakawachambua wakaazi kwa makabila, na kuwapeleka maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru vizuizini. Mtu aliyerithi kumbukumbu kama hizo ana sababu ya kuamini kwamba siku ya shida mji utamuuliza kabila lake kabla ya kumuuliza jina.

Uhuru haukuiondoa fikira hiyo. Baadaye ilipata hata muhuri wa mahakama. Wakili mashuhuri wa Nairobi, S. M. Otieno, alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui Otieno, aliyekuwa Mkikuyu, alitaka kumzika upande wa Ngong, karibu na jiji walimojengea maisha yao, ilhali ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulidai azikwe Nyalgunga katika wilaya ya Siaya. Shauri hilo lilifuatwa na nchi nzima kwa miezi kadhaa, na hoja mojawapo iliyosikika ni kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba popote alipo, lakini kwao ni pale tu penye ardhi ya baba zake, ambapo atazikwa. Miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi kuhusu mila hizo ni Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi anayekumbukwa kwa utafiti wake juu ya falsafa ya wahenga, yaani tafakuri za wazee wenye hekima ambao hawakuipata hekima hiyo shuleni. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo haki ya kuzika. Uamuzi ulihusu maiti mmoja, lakini maana yake iliwafikia walio hai, kwani ulionyesha kwamba mtu anaweza kufanya kazi Nairobi umri wake wote, akaoa humo, akazaa na kusomesha humo, na bado akahesabiwa kuwa mpita njia. Mpita njia hana majirani. Ana watu waliopanga karibu naye.

Hapa ndipo barua ya nabii Yeremia, iliyomo katika sura ya 29 ya kitabu chake, inapopata uzito ambao mahubiri ya kawaida huupita juu juu. Wayahudi waliokuwa wamechukuliwa mateka hadi Babeli walikuwa na manabii waliowaahidi kwamba watarudi kwao upesi, kwa hivyo hakukuwa na haja ya kujishughulisha na mji wa ugenini. Yeremia aliwaandikia kinyume: wajenge, wapande, waoze watoto wao, waitafute amani ya mji ule na kuuombea, kwa kuwa amani yao wenyewe imo ndani ya amani ya mji. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba nabii hakuwaambia kuwa Babeli ni kwao. Aliwaacha na kwao kulekule walikokujua, akawawekea wajibu huku walipo. Kwa lugha ya falsafa, alikata uhusiano uliodhaniwa kuwa wa lazima kati ya asili na wajibu, akauweka wajibu juu ya msingi mwingine, nao ni kushiriki hatima moja. Moto unaowashwa mwisho wa koridoni hauulizi nani alizaliwa wapi.

Mafundisho ya Kiislamu kuhusu haki ya jirani yanafika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Wapokezi wa hadithi wanasimulia kwamba Malaika Jibrili alimuusia Mtume Muhammad juu ya jirani mara nyingi mno, hata Mtume akadhani kuwa jirani atafanywa kuwa mrithi. Mapokezi hayo yana kisa ambacho masheikh wa Nairobi wangefaa kukisimulia kila Ijumaa ya mwezi wa kura: sahaba Abdullah bin Amr alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, na jambo la kwanza alilouliza ni kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa nyama, na alipoulizwa sababu ya kulisisitiza jambo hilo, akautaja wasia huohuo. Jirani, kwa maana hiyo, hapimwi kwa dini wala kwa ukoo. Anapimwa kwa umbali wa mlango. Wakristo wanao mfano wa Msamaria, unaojulikana na kila mtoto wa shule ya Jumapili, kwa hivyo hauhitaji kurudiwa hapa.

Kama mafundisho haya yote yalikuwapo, na makanisa na misikiti ilikuwa imejaa, ni lazima ielezwe kwa nini hayakutosha. Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipanga foleni na kupiga kura kwa utulivu. Siku tatu baadaye mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi dhidi ya Raila Odinga, matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku, na rais akaapishwa Ikulu jioni hiyohiyo. Kilichofuata kinajulikana. Soko la Toi liliteketezwa, reli ipitayo Kibera iling'olewa, wapangaji na wenye nyumba katika mitaa ya mabanda walifukuzana kwa misingi ya kabila, na viwanja vya maonyesho vya Jamhuri vikawa kambi ya waliofurushwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa kote nchini kuwa 1,133. Kibera hiyohiyo ilikuwa na msanii, Solomon Muyundo, anayejulikana kwa jina la Solo 7, aliyezunguka akiandika kwa rangi maneno ya kuhimiza amani kwenye kuta na mabati. Na kila mtaa ulikuwa na watu waliowaficha majirani chini ya vitanda vyao, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Viongozi wa dini hawakuwa nje ya mgawanyiko huo. Mwezi wa Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa sababu hiyo hawakuweza kukemea. Kukiri huko kulikuwa kwa heshima. Hata hivyo, somo ambalo wengi walilitoa humo lilikuwa nusu ya somo. Waliamua kwamba kosa lilikuwa kusema, kwa hivyo dawa ni kutosema, na katika chaguzi za 2013 na 2017 amani ilihubiriwa kila mahali, mimbarini, redioni na katika matangazo ya kampuni, kwa namna iliyomfanya mtu mwenye shaka kuhusu hesabu ya kura aonekane kuwa adui wa amani, aliyepaswa kukubali na kuendelea na shughuli zake.

Haifai kuyabeza mahubiri hayo, kwani aliyeona Mathare ya Januari 2008 ana kila haki ya kutaka isirudi. Lakini neno amani lilikuwa linatumika kwa vitu viwili tofauti. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliyeandika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu baada ya Roma kutekwa mwaka 410, alifundisha kwamba hata majambazi hupenda amani, maana nao hutaka utulivu ndani ya kundi lao na utiifu wa waliowashinda, ila amani ya kweli ni utulivu unaotokana na kila kitu kuwekwa mahali pake panapostahili. Yeremia naye, katika sura ya 6, anawashutumu makuhani wanaoliganga jeraha la watu kwa juu juu wakitangaza amani isiyokuwapo. Kwa hiyo nabii yuleyule aliyewaagiza watu waitafute amani ya mji ndiye aliyewakemea waliotangaza amani ya uongo, na mtu hawezi kuichukua sura ya 29 akaiacha ya 6. Wimbo wa taifa wa Kenya, ambao sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, ni dua kutoka mwanzo, na katika dua hiyo haki ndiyo iliyoombwa iwe mlinzi wa nchi, naye mlinzi hutangulia kufika kabla ya kilindwacho kukaa salama.

Tena amani ya kunyamaza haikugawanywa sawasawa. Mwezi wa Agosti 2017, jiji lilipokuwa likisifiwa kwa utulivu wake, mtoto wa kike wa miaka tisa aliyekuwa akicheza kwenye roshani ya ghorofa huko Mathare North aliuawa kwa risasi wakati polisi walipokuwa wakikabiliana na waandamanaji mtaani. Katika mitaa yenye ua wa umeme na walinzi langoni, watu waliyatazama hayo kwenye runinga. Amani inayodaiwa kwa maskini peke yao, na inayolindwa kwa kuwanyamazisha wao tu, haitoshi kuitwa utulivu wa mji.

Sehemu ya pili ya wajibu wa ujirani, yaani kweli, inastahili kuchunguzwa kwa karibu, na mahali pa kuichunguza ni mlangoni mwa darasa la shule ya msingi saa tano za usiku wa kura. Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza fomu ya 34A, akaandika idadi ya wapigakura walioandikishwa, kura halali, kura zilizokataliwa na kura alizopata kila mgombea. Mawakala wa wagombea hutia sahihi. Nakala moja hubandikwa mlangoni na picha yake hutumwa moja kwa moja hadi kituo cha kitaifa. Karatasi hii, iliyoandikwa kwa mkono na mtu aliyekesha, huku taa ikiwaka na kundi la watu likichungulia dirishani, ndiyo inayoamua kama wapangaji wa Huruma wataamka majirani au maadui. Ni ushahidi kwa maana kamili ya neno hilo katika dini: tamko la mtu aliyeona, analolitoa mbele ya Mungu kuhusu jambo ambalo wasioona wanalitegemea. Mwanazuoni wa Pakistani, Mufti Muhammad Shafi, aliihesabu kura yenyewe kuwa aina ya ushahidi, kwa kuwa mpigakura anashuhudia kwamba mtu fulani anafaa kupewa amana ya uongozi. Ikiwa hivyo ndivyo, anayehesabu kura ni shahidi juu ya mashahidi, na Kurani inafundisha katika sura ya pili kwamba mwenye kuuficha ushahidi moyo wake una dhambi.

Historia ya Kenya inaweza kusomwa kama historia ya ushahidi huo. Mwaka 1988, chini ya utaratibu wa mlolongo, wapigakura wa uteuzi wa wabunge walijipanga nyuma ya mawakala walioshika picha za wagombea, kila mtu akauona mstari mrefu na mstari mfupi kwa macho yake, na mahali pengi mstari mfupi ukatangazwa kuwa umeshinda. Maaskofu Alexander Muge, Henry Okullu na David Gitari walikuwa miongoni mwa waliotoa sauti dhidi ya utaratibu huo. Makosa yao machoni pa serikali yalikuwa kusema walichokiona. Mwaka 2007 mambo yaligeuka: hakuna aliyeona. Siku chache baada ya kumtangaza mshindi, Kivuitu mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakujua kama Kibaki alishinda, na tume iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini, ilihitimisha kwamba takwimu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haiwezekani kumjua mshindi. Mtu anayemlaumu kijana wa Kibera kwa kuamini uvumi mwezi ule na ajiulize kijana huyo alikuwa na shahidi gani wa kumwamini badala yake.

Mageuzi yaliyofuata yalikwenda polepole na kwa gharama kubwa. Katiba ya 2010 iliiweka kesi ya urais mikononi mwa Mahakama ya Juu, iamuliwe ndani ya siku 14. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa jijini, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo majaji wanne kati ya sita wa Mahakama ya Juu, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, waliufuta uchaguzi wa rais kwa sababu ya kasoro za upelekaji wa matokeo, wakieleza kwamba uchaguzi hauishii kwenye tarakimu za mwisho. Mwaka 2022 picha za fomu za 34A kutoka vituo 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, na mtu yeyote mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo yaliyotangazwa Bomas tarehe 15 Agosti. Mahakama iliyathibitisha tarehe 5 Septemba. Na katika siku hizo zote Nairobi haikuwaka kama ilivyowaka mwanzoni mwa 2008. Utulivu huo ulikuwa na sababu nyingi, ikiwemo miungano ya wanasiasa iliyovuka mipaka ya zamani ya kikabila, lakini si jambo dogo kwamba kwa mara ya kwanza majirani waliokuwa wakibishana walikuwa na karatasi moja ya kubishania.

Kuna pingamizi nzito dhidi ya hoja hii, nayo ni kwamba hesabu ya kweli bado huzaa walioshindwa. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, alihoji kama utawala wa wengi unaitendea haki sehemu ya watu ambayo matakwa yake hayahesabiwi tena baada ya kura, na alipendekeza maafikiano kwa kuangalia desturi za mabaraza ya Waashanti, ambako mazungumzo yaliendelea hadi kila upande uridhie uamuzi hata kama haukuupenda. Kenya inampa rais ushindi kwa zaidi ya nusu ya kura pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24, na washindi wa 2013 na 2022 walitangazwa kwa asilimia 50.07 na 50.49. Kwa hiyo karibu nusu ya ploti huamka imeshindwa. Viongozi wamejaribu maafikiano ya namna yao: mapatano ya Kibaki na Odinga ya tarehe 28 Februari 2008 yaliyosimamiwa na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na kupeana mikono kwa Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, na Raila Odinga tarehe 9 Machi 2018, yote mbele ya Harambee House. Yalisaidia, na mapatano ya 2008 yalisimamisha mauaji. Lakini maafikiano ya Wiredu yalikuwa ya watu waliokaa barazani wenyewe, ilhali haya yalikuwa ya wakubwa wawili, na waliofukuzana Mathare waliyasikia kwenye taarifa ya habari.

Pingamizi ya Wiredu haiupunguzi wajibu wa ushahidi. Inaonyesha mahali unapokomea na wajibu mwingine unapoanzia. Aliyeshindwa kwa haki anahitaji bado kuishi mahali ambapo kushindwa hakumnyimi maji, mkopo wa unga wala usingizi, na hilo haliwezi kutolewa na mahakama. Linatolewa na mwenye duka anayeendelea kukopesha wiki ya kura, na mama wa ploti anayekataa kusambaza ujumbe wa simu unaotaja kabila la mtu wa chumba cha tatu, na kijana anayemwambia mwanasiasa wa upande wake kwamba hatashika jiwe. Wajibu huu hauna sherehe, na ndiyo maana ni mgumu kuliko kuhudhuria mkesha wa maombi.

Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, unaangukia Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027. Maaskofu, wachungaji na masheikh wa Nairobi wataombwa tena waongoze dua za amani, na ni vyema waziongoze. Wafanye na jambo la pili: wawafundishe waumini wao kuisoma fomu ya 34A kabla ya siku yenyewe, wawatume walio waaminifu wakawe waangalizi vituoni bila ya kujali mgombea wanayempenda, na wakubaliane tangu sasa kwamba yeyote atakayetoa hesabu ya uongo, awe wa jamii yao au wa jamii nyingine, atatajwa mimbarini kuwa shahidi wa uongo. Watu wa kufanya kazi hiyo wamo katika kila parokia na kila msikiti wa jiji, na muda upo. Waanze kuandaliwa sasa, wasisubiri wiki ya mwisho.